Nani Anailipia Sauti ya Bonde

Oktoba 1994 jarida la kitabibu la The Lancet, la London, lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika Idete, kijiji cha bonde la Kilombero. Watoto 586 wa kati ya mwaka mmoja na mitano walikuwa wamechanjwa, baadhi yao kwa chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66 na wenzao kwa chanjo bandia ya kulinganishia. Kinga iliyopatikana ilikuwa asilimia 31. Haikuwa kubwa, na majaribio yaliyofuata Gambia na Thailand yalivunja matumaini, lakini kwa muda kijiji cha wakulima wa mpunga kilitajwa kila mahali palipozungumzwa malaria. Chanjo yenyewe ilibuniwa Colombia na Manuel Patarroyo. Utafiti uliongozwa na daktari Mhispania, Pedro Alonso, kwa kushirikiana na kituo cha Ifakara ambacho Mswisi Rudolf Geigy alikianzisha mwaka 1957 na ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara.

Wacolombia hao hao walikuwa na jambo jingine la kuwafundisha watu wa Kilombero, kongwe kuliko chanjo na lenye matokeo makubwa zaidi, nalo halikuletwa. Lilikuwa redio. Radio Sutatenza, iliyozaliwa katika kijiji cha mlimani cha jina hilo mwaka 1947, iliuzwa na kunyamazishwa mwaka 1989, miaka michache tu kabla ya watoto wa Idete kuchanjwa. Katika makala haya naiweka redio hiyo, pamoja na nyingine zilizozungumza na wanyonge kwa Kihispania, kando ya redio zilizowahi kusikika na zinazosikika sasa katika bonde la Kilombero. Naliuliza swali moja kwa zote: nani alilipa ili sauti ile itoke, na aliyelipa alipata nini?

Tuanze na Sutatenza. Padri kijana, José Joaquín Salcedo, alipelekwa huko kama padri msaidizi. Alikuta wakulima wadogo, wengi wao hawajui kusoma, waliotawanyika katika bonde la Tenza, mkoa wa Boyacá, ambako kwenda kwa jirani ni kupanda na kushuka mlima. Shule haikuweza kuwafikia wote, lakini sauti iliweza. Oktoba 1947 alirusha matangazo ya kwanza kwa mtambo mdogo usiozidi wati mia. Hapo ndipo mahali pa kutazama kwa makini, kwa sababu wanaoisimulia redio hii hupenda kurukia ukubwa wake wa baadaye: mitambo ya nguvu mjini Bogotá, gazeti la El Campesino lililoanza mwaka 1958, vitabu vidogo vya masomo vilivyochapishwa kwa mamilioni. Kabla ya yote hayo, Salcedo aliwaomba waumini wake kuku. Kila familia ilete kuku mmoja, wauzwe, fedha zijenge ukumbi wa maonesho na mikutano. Walileta zaidi ya elfu moja. Watu ambao serikali iliwahesabu kuwa hawana kitu walikuwa na kuku, na walimtoa walipoona kinachojengwa ni chao.

Mfumo uliofuata ulikuwa rahisi kuuelewa. Redio ndogo ya betri, iliyofungwa isishike kituo kingine chochote, iliwekwa katika nyumba ya mmoja wa wanakijiji. Majirani walikusanyika hapo. Miongoni mwao alikuwepo mmoja anayejua kusoma kidogo, aliyeitwa msaidizi, ambaye alifuata sauti ya mwalimu kutoka redioni na kuandika ubaoni ili wenzake waone herufi. Walijifunza kusoma, kuhesabu, kuchimba vyoo, kupanda mboga, kuchemsha maji. Wasikilizaji waliandika barua, na kwa miongo minne barua hizo zilipita milioni moja. Redio ilizijibu. Mtu aliyejifunza kuandika akiwa na umri wa miaka arobaini, kisha akapokea bahasha yenye jina lake kutoka Bogotá, hakuwa tena mtu wa kuambiwa tu.

Hata hivyo redio ile ile iliyofungwa kwenye kituo kimoja inasema mengi. Mkulima hakuweza kuzungusha kitufe asikie upande mwingine. Kanisa liliamua asikie nini. Ilipofika miaka ya 1970 na 1980, kazi ilikuwa imekua mno kiasi cha kutegemea misaada ya nje na mikopo mikubwa, na uhusiano na baadhi ya maaskofu ukawa mgumu. Madeni yakazidi. Kuku hawakutosha tena, na nadhani kosa lilikuwa hapo: wale waliotoa kuku hawakupewa kamwe nafasi ya kuamua ukuaji ule. Kampuni ya Caracol ilipoinunua mitambo, mamilioni ya wasikilizaji waliipoteza redio yao bila kuulizwa.

Tanzania ilipita njia inayofanana na hiyo, na Kilombero ilikuwemo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951 chini ya Waingereza. Baada ya Uhuru, mwaka 1965, ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Tangu mwaka 1969 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliitumia redio hiyo kwa makundi ya kusikiliza na kujadiliana. Kampeni zilifuatana moja baada ya nyingine, hadi ile kubwa ya mwaka 1973, Mtu ni Afya. Viongozi wa makundi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu wapatao milioni mbili walikaa katika makundi hayo kwa wiki 12, wakisikiliza vipindi, wakisoma kijitabu, kisha wakiulizana: kwetu hapa malaria inatoka wapi, kichocho kinatoka wapi, nani hana choo? Baada ya maswali yalifuata majembe. Vichaka vilifyekwa, madimbwi yakafukiwa, mashimo ya vyoo yakachimbwa nchi nzima.

Ukimweka kiongozi wa kundi wa Mtu ni Afya karibu na msaidizi wa Sutatenza, utaona ni mtu yule yule: jirani aliyesoma kidogo, asiyelipwa mshahara, anayeaminiwa, anayegeuza sauti ya mbali kuwa kazi ya kijiji. Tofauti iko katika waliosimama nyuma yake. Kule lilikuwa Kanisa. Hapa ilikuwa serikali na chama cha TANU, pamoja na fedha za msaada kutoka Sweden. Mkulima wa Kilombero hakudaiwa kuku. Alidaiwa nguvu zake, naye akazitoa. Lakini sauti ilitoka Dar es Salaam, na msimu ulipokwisha ilirudi Dar es Salaam. Kijiji hakikubaki na kipaza sauti. Siidharau kampeni hiyo. Sijaona nyingine iliyowafanya Watanzania wengi kiasi kile wajadili afya zao kwa wakati mmoja. Nasema tu kwamba haikumwachia mtu wa Ifakara njia ya kusema yeye.

Ila wasikilizaji hawakukaa kimya wakisubiri njia. Walijitengenezea yao kwa salamu. Kila aliyekulia na Radio Tanzania anajua vipindi vya salamu: kadi inanunuliwa, inajazwa majina ya ndugu na marafiki pamoja na ujumbe, inatumwa, halafu mtu anategea sikio wiki baada ya wiki kusikia jina lake likisomwa. Watuma salamu walijipachika majina ya utani, wakafahamiana bila kuonana, wakaunda vilabu, wakachangiana katika misiba na harusi. Yalikuwepo pia matangazo ya vifo, ambayo nyumba nzima ilinyamaza kuyasikiliza, maana mtu aliyekwenda kulima Mlimba au Malinyi angeweza kujua kwa redio tu kwamba mama yake amezikwa Songea. Wasomi wa utangazaji huzipita salamu haraka kama mchezo. Mimi naziona kuwa jambo zito. Kadi ile ililipiwa. Mkulima na mama lishe walitoa fedha zao wenyewe ili redio ya taifa, kwa sekunde chache, iwe yao. Sutatenza ilikuwa na barua milioni moja. Sisi tulikuwa na kadi, na hakuna aliyezihesabu.

Kuna kitu cha Kihispania kilichofika redioni kwetu bila wengi kujua asili yake. Miguel Sabido, mtayarishaji wa televisheni wa Mexico, alitunga miaka ya 1970 michezo ya mfululizo iliyolenga kubadili tabia: mhusika mbaya anaangamia kwa matendo yake, mhusika mwema anafaulu, na wa katikati, aliye kama mtazamaji, anayumba kabla ya kuchagua. Njia hiyo ndiyo iliyotumika kuunda Twende na Wakati, mchezo ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na Tunu, mkewe aliyechoka akaamua kujitegemea, walikuwa watu halisi kwa wasikilizaji. Katika eneo la Dodoma mchezo ule haukurushwa hadi mwaka 1995, ili watafiti waweze kulinganisha waliousikia na wasiousikia. Ulibadilisha mambo, hasa kuhusu UKIMWI na uzazi wa mpango, na ulibadilisha kwa sababu ulitungwa na Watanzania waliojua mke wa dereva wa lori anasema nini anapofunga mlango. Fedha, kwa mara nyingine, zilitoka nje.

Hadi hapa Kihispania na Kiswahili vinafanana mno: mwenye elimu anasema, asiye nayo anasikiliza, mfadhili analipa. Bolivia ndiyo inayovunja mfano huo.

Kwenye nyanda za juu za Bolivia, katika miji ya migodi ya bati kama Siglo XX na Catavi, wachimbaji walianza kuwa na redio zao tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950. Hakuna padri aliyewaletea, wala wizara. Vyama vyao vya wafanyakazi vilinunua mitambo kwa makato ya mishahara. Mtu aliyeshinda chini ya ardhi akivuta vumbi litakalomuua kabla hajazeeka alikubali sehemu ya ujira wake iende kwenye redio, na kwa hiyo alipopanda juu jioni angeweza kuingia studio akiwa na nguo za kazi na kusema lililotokea. Mikutano ya chama ilirushwa moja kwa moja. Mke aliyekosa unga kwenye duka la kampuni alilitangaza duka hilo kwa jina. Katika miaka ya 1970 redio za namna hiyo zilizidi ishirini.

Redio hizo ziliteswa kama wanavyoteswa watu. Alfajiri ya tarehe 24 Juni 1967, baada ya usiku wa sikukuu ya Mtakatifu Yohane, jeshi liliishambulia Siglo XX na kuua watu, na likaiteka redio ya chama, La Voz del Minero. Julai 1980, Jenerali Luis García Meza alipopindua serikali, redio za mjini zilizimwa au zikapigishwa nyimbo za kijeshi. Redio za migodini ziliungana zikawa mnyororo mmoja, zikaieleza nchi kilichokuwa kikitokea kwa wiki kadhaa, huku mmoja baada ya mwingine mtambo ukinyamazishwa na askari walipofika mlangoni. Watangazaji waliendelea kusema hadi waliposikia buti ngazini. Naandika habari hii kwa heshima kubwa, na sijui redio nyingine duniani ambayo wenyewe waliilinda kwa miili yao hivyo.

Ndani ya kisa hicho kimo kisa kingine kidogo, cha Radio Pío XII, iliyoanzishwa Siglo XX na mapadri mwaka 1959. Ilikuja kupambana na ukomunisti wa wachimbaji. Mapadri wakakaa, wakaona watoto wanavyokufa, wakasikia wajane, na baada ya miaka michache redio ile iliyokuja kuwapinga wachimbaji ikawa upande wao, na ikatangaza pia kwa Kikechua, lugha ya nyumbani ya wengi wao. Humo Kihispania kilikuwa lugha ya meneja, ya hakimu na ya jeshi. Mchimbaji alikijua, alikitumia kudai haki, lakini alilia kwa Kikechua.

Sasa vuka upande wa kaskazini hadi bonde la Yakima, jimbo la Washington, Marekani, na utaona lugha ile ile imehama kambi. Yakima ni bonde la kilimo: matufaha, cheri, asparaga, hopsi za kutengenezea bia. Wavunaji wake ni vibarua waliotoka Mexico na Texas, wengi wasiojua Kiingereza, na baadhi bila vibali vya kuishi nchini. Mwaka 1979 katika mji mdogo wa Granger ilianza KDNA, iliyojiita Radio Cadena, sauti ya mkulima kibarua. Meneja wake alikuwa mwanamke, Rosa Ramón, jambo la nadra katika redio ya Marekani wakati huo, na wanawake walikuwa sehemu kubwa ya wafanyakazi na watangazaji. Nyimbo za kuwadhalilisha wanawake hazikupigwa. Vipindi vilieleza dawa za kuua wadudu zinavyomdhuru mvunaji, mkataba wa kazi unasomwaje, mtoto anaandikishwaje shule. Maofisa wa uhamiaji walipoonekana mashambani, watangazaji waliwatahadharisha wasikilizaji kwa kupiga nyimbo zinazowataja maofisa hao. Aliyekuwa shambani na redio yake juu ya kreti alielewa.

Tarehe 18 Mei 1980 Mlima St. Helens ulilipuka, na Yakima ikaingia giza mchana kwa majivu. Fikiria kuwa kibarua asiyejua lugha ya nchi siku kama hiyo. Ufunge madirisha? Maji yananyweka? Kazi ipo kesho? Redio ya lugha yako siku hiyo ni sawa na hospitali.

Kwa hiyo Kihispania kule Siglo XX kilikuwa sauti ya mwenye nguvu, na Granger kikawa kimbilio la asiye nazo. Tukigeukia Ifakara tunakuta hali ya tatu. Kiswahili hapa hakimtengi mtu wala hakimfichi. Mndamba mvuvi, Mbunga wa Ifakara mjini, Mpogoro aliyeshuka kutoka Mahenge, Mhehe, Mngindo, Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake, kibarua wa miwa Kidatu, wote hukutana kwa Kiswahili, na mkuu wa wilaya naye anakisema hicho hicho. Kanuni za utangazaji za Tanzania nazo zinataka redio zitumie Kiswahili au Kiingereza, lugha nyingine kwa idhini. Ni neema kubwa: redio moja inaeleweka na bonde zima. Lakini neema hiyo ina upungufu wake, na ninaomba tuukabili. KDNA ilikuwa ya wenyeji wake tangu neno la kwanza, kwa sababu ya lugha tu. Redio ya Ifakara ikifungua kipaza sauti, lugha yake ni ile ile ya Dar es Salaam, ya matangazo ya simu, ya mechi ya Simba na Yanga. Lugha haitoshi kuifanya ya bonde. Lazima iwe ya bonde kwa mambo yake na kwa mwenyewe anayeimiliki.

Mambo yapo tele. Tangu sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliporuhusu redio binafsi, na hasa redio za jamii zilipoanza kuenea miaka ya 2000, bonde limepata sauti zake: Pambazuko FM iko Ifakara, na ng'ambo ya mto, Mahenge, iko Ulanga FM. Wanaozisikiliza wana maisha yasiyofanana na ya mjini. Msimu wa mpunga familia nyingi huhama kijijini zikaenda kuishi shambani kwa miezi, kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, mbali na zahanati na shule. Kuna kuamia ndege tangu alfajiri, kuna nguruwe pori usiku, kuna mbu. Masika yakizidi, mto hupanda na njia hukatika. Katika dungu hakuna gazeti wala umeme. Kuna redio ya betri, au simu yenye redio inayochajiwa kwa sola. Mama mwenye mtoto anayewaka homa usiku huo anataka kujua zahanati ya karibu ina dawa au haina, na kama njia ya kwenda inapitika. Hakuna redio ya Dar es Salaam inayoweza kumjibu. Daraja la Kilombero lililozinduliwa mwaka 2018 limeondoa adha ya kivuko, lakini mtu wa madungu bado anafikiwa kwa sauti kwanza.

Kisha kuna jambo gumu kuliko mafuriko: ardhi. Bonde hili ni ardhioevu iliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2002. Wafugaji waliingia na mifugo mingi, wakulima wakapanua mashamba, hifadhi ikadai mipaka yake, na mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo. Kila upande una kisa chake, na visa hivyo husimuliwa zaidi kwenye vijiwe kuliko hewani. Hapo ndipo naikumbuka Radio Pío XII. Ilikuja na msimamo, ikabadilishwa na watu iliowasikiliza. Redio ya bonde inayomweka mkulima na mfugaji kwenye meza moja, saa moja nzima, bila kumkatiza yeyote, ingefanya kazi ambayo askari hawakuiweza. Na wanawake wapewe kipaza sauti kama Granger, maana ndio walioko shambani miezi ile.

Redio itakayothubutu kufanya hivyo inahitaji fedha ambazo hazitaifunga mdomo. Redio ndogo nchini huishi kwa matangazo ya biashara, vipindi vinavyolipiwa na miradi, na msaada wa mashirika. UNESCO, kwa mfano, imezisaidia kadhaa kwa vifaa na mafunzo. Msaada huo ni wa thamani, nao una mwisho. Mradi wa afya ukiisha, kipindi cha afya huisha pia hata kama malaria haijaisha. Mtangazaji wa kujitolea huondoka akipata kazi ya mshahara. Na anayelipia saa ya kipindi, awe kampuni au ofisi, ni vigumu kuulizwa maswali ndani ya saa aliyoinunua.

Watu wa bonde wanaweza kulipa? Ushahidi uko hapa hapa. Miaka ya 1990, Ifakara ilipoendesha mpango wa vyandarua katika wilaya za Kilombero na Ulanga, vyandarua vya Zuia Mbu viliuzwa madukani, na wajawazito na wazazi wa watoto wadogo walipata hati punguzo. Familia maskini zilinunua. Uhai wa watoto uliongezeka, na hati punguzo baadaye ikawa mpango wa taifa zima. Walinunua kwa sababu walikiona chandarua ni kitu chao cha ndani, cha kitandani. Waliolipia kadi za salamu ni hao hao. Mkulima wa miwa wa Kidatu naye anajua makato: anapouza muwa kiwandani kupitia chama chake, huwa kuna kinachokatwa kwa ajili ya shughuli za pamoja.

Najua mwisho wa redio za Bolivia. Bei ya bati iliporomoka mwaka 1985, serikali ikatoa amri iliyofunga migodi na kuwaachisha kazi zaidi ya wachimbaji elfu ishirini, na redio nyingi zilikufa pamoja na mishahara iliyozilisha. Aliyetegemea mfuko mmoja alizama nao. Bonde la Kilombero lina mifuko mingi: mpunga, miwa, kakao ya Mbingu, ndizi, samaki, ng'ombe, maduka ya Ifakara. Mwaka mbaya wa mpunga si lazima uwe mwaka mbaya wa miwa. Na mchango mdogo wa wengi una faida moja inayozidi fedha za mfadhili: hakuna mtoaji mmoja mwenye nguvu ya kuagiza habari ifutwe. Kwa upande mwingine, watoaji wakiwa wakulima pekee, mfugaji atakosa mtetezi; ndiyo maana viti vya bodi visiuzwe kwa ukubwa wa mchango. Kila kundi la bonde liwe na kiti, hata lisilo na senti.

Kwa hukumu yangu, katika mapokeo haya yote, ya Kihispania na ya Kiswahili, redio za wachimbaji wa Bolivia ndizo zilizokuwa za kweli za wenyeji wao, na Mtu ni Afya ndiyo iliyofanya kazi kubwa zaidi ya afya kwa muda mfupi. Kilombero inaihitaji ya kwanza ili iweze kuifanya ya pili kila msimu bila kusubiri mradi.

Basi kwa viongozi wa vyama vya ushirika (AMCOS) vya mpunga na kakao, vyama vya wakulima wa miwa vya Kidatu na Ruembe, vikundi vya wafugaji na wavuvi, na wenye maduka wa Ifakara: wekeni redio ya bonde kwenye ajenda ya mkutano mkuu ujao. Waiteni wasimamizi wa redio mnazozisikiliza, wawaoneshe hesabu zao mezani, mwezi unagharimu kiasi gani kwa umeme, leseni na posho za watangazaji. Kateni shilingi chache kwa gunia au kwa tani, andikeni masharti ya viti vya bodi, na mdai saa moja ya jioni kila wiki ambayo haiuzwi kwa yeyote.